Nyumba Inayohesabu Pumzi

2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana nyumba yako inaniambia kila kitu kabla hujafungua mdomo. Saa unayochemsha chai naijua. Siku uliyofua mashuka ukayaanika ndani, kama nilivyokukataza, naijua pia. Unyevu ulipanda mpaka nikapiga kelele ofisini watu wakageuka. Na najua kwamba hita yako haijawaka tangu baridi ianze. Haijawaka, dada! Huku watu wanavaa makoti mawili mawili, na wewe umekaa na cherehani yako mikono wazi, unapashwa joto na jua la dirishani, birika la chai na mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana ya nyumba ile. Kuta nene za mbao na majani makavu, vioo vitatu kila dirisha, hakuna ufa wa kupitisha hata uzi, na kile kisanduku cha darini kinachotoa hewa chafu na kuingiza safi bila kutupa joto nje.

Shemeji yako anatembea kifua mbele. Nyumba nyingi ni malaika kwenye karatasi ya mchoraji, ukizifungia mita unaona vituko. Yako imetumia umeme mdogo hata kuliko hesabu aliyoipiga yeye alipoichora. Katika nyumba zote za mtaa ule ninazozisoma kwa vipima hapa ofisini kwake kwenye kompyuta, ya kwako ndiyo anataka kuwaonyesha wenye mradi wanaozigharamia wakija.

Sasa jambo la umbea. Mtu akipumua anaacha hewa ya ukaa, na kwenye nyumba isiyovuja hewa hiyo inaonekana wazi kama nyayo kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Wewe unalala chumba cha mbele, mstari wako kwenye grafu naujua kama mwandiko wako. Lakini sasa chumba cha nyuma nacho kinapumua. Kinaanza jioni, kinatulia asubuhi. Dada, umepata mgeni? Usinifiche. Kama ni mwanamume mwambie avue viatu, zile mbao za sakafu zina wivu.

Mtoto wangu bado hajaandika. Baba yake anasema amepiga simu chuoni, wamemwambia yupo, amenuna tu. Mimi sina raha. Kuondoka bila kuaga mama? Wewe amekuandikia?

Mwandiko umepinda kwa sababu nilijigonga kwenye kabati la jikoni, jicho limevimba kidogo. Usipige simu, yangu anakaa nayo shemeji yako siku hizi. Andika tu. Barua zangu anazipeleka posta mwenyewe, hata stempu silambi.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Juni

Chiriku,

Marahaba. Mgeni wa kutoka wapi, mimi na mvi zangu? Ni paka. Paka wa jirani wa nyumba ya tatu amejizoesha chumba cha nyuma, analala juu ya vitambaa vya sare za shule ambavyo sijavikata. Halafu unga wa mkate ninauumulia humo humo kwa sababu ya joto, na unga ukiumuka unatoa hewa, wewe msomi unajua kuliko mimi. Andika paka na unga, ufunge faili.

Mtoto hajaniandikia hata mstari mmoja. Ila popote alipo nina hakika anakula na analala. Usiniulize hakika hiyo naipata wapi. Ni moyo wa mama mkubwa.

Hilo kabati lako la jikoni lina ugomvi na wewe. Mwaka jana ulikuwa mlango, kabla ya mlango ilikuwa ngazi. Kwangu makabati yametulia ukutani, hayamfuati mtu.

Jipake maji ya baridi kwenye jicho. Na punguza maneno, mdogo wangu. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinichekesha nikashika mbavu, kisha kicheko kikaniishia.

Paka huyo ana mapafu ya mtu. Nimepiga hesabu. Pumzi ya paka ni kidogo, mstari wake ungekuwa kilima. Huu ni mlima. Unga nao hauumuki kila usiku, tena ukaamka asubuhi. Mwili wa mtu unatoa joto kama balbu moja kubwa ya zamani, na chumba chako cha nyuma kina balbu ya namna hiyo isiyopita kwenye mita ya umeme. Na bafuni, dada. Unyevu wa bafuni sasa unapanda mara mbili asubuhi. Paka haogi.

Nilikuwa naicheka grafu hiyo peke yangu, kumbe shemeji yako amesimama nyuma ya kiti changu. Mtu yule anatembea kama soksi. Akacheka na yeye, akasema, "Dada yako kapata bwana." Kisha akaniomba nimchapishie mstari wa chumba kile tangu mwezi uliopita. Aliutazama sana. Akauliza pumzi zilianza siku gani, nikamwonyesha kwa kidole. Akakunja karatasi akaitia mfukoni, na mezani siku hiyo alikuwa mpole ajabu. Alinimenyea chungwa.

Mzaha kando sasa, naogopa. Unaishi peke yako tangu marehemu mumeo atutoke, na mtaa ule bado mpya, majirani hamjazoeana. Kama kuna mtu amejiingiza kwako na unashindwa kumtaja, niandikie hata neno moja. Na kama ni hewa nzito tu, fungua dirisha la chumba kile jioni, kipima kitulie, na mimi roho itulie.

Chiriku


22 Juni

Chiriku,

Dirisha nimefungua. Litakuwa wazi kila siku kuanzia sasa. Paka amehama.

Usiandike tena habari za chumba cha nyuma, si kwangu, si kwenye ripoti. Usimwonyeshe mtu mstari wowote. Nakuomba kama dada, na nikiomba mara ya pili nitakuwa naamuru.

Dada yako


27 Juni

Shemeji mpendwa,

Salaam nyingi. Nasikitika kukuandikia jambo hili mimi mwenyewe. Nyumba yako, iliyokuwa bora kuliko zote, imeanza kula umeme. Hita inawaka mchana na usiku. Joto linatoka mahali fulani. Nyumba niliyoichora mimi haivuji. Kwa hiyo ama kuna kitu kimepasuka, ama kuna mtu anaivujisha.

Nitafika tarehe 8 Julai, asubuhi, pamoja na fundi. Tutafunga feni kwenye mlango wako mkuu. Feni hiyo huvuta hewa ya nyumba nzima, na penye ufa wowote utasikia mluzi. Ili kipimo kiwe cha kweli, milango yote ya ndani iwe wazi: vyumba, bafu, stoo, na makabati makubwa. Chumba cha nyuma hasa. Nitakuja pia na kamera ya joto, kifaa kizuri sana, utakipenda.

Mdogo wako hajambo. Macho yanamsumbua, nimemshauri apumzike kuandika barua. Kwa niaba yake nakuambia kwamba anakupenda.

Shemeji yako


30 Juni
Kwa mkono wa fundi wa vipima. Isome ukiwa peke yako, kisha uichane.

Mdogo wangu,

Mtoto wako yuko kwangu.

Kaa chini kwanza. Yuko kwangu, anakula, analala, mkono wake wa kushoto una plasta na unaunga vizuri. Pumzi uliyoiona ni yake. Nilikudanganya kuhusu paka, ila kwamba hajaniandikia sikukudanganya. Mtu hakuandikii barua akiwa jikoni kwako anamenya viazi kwa mkono mmoja.

Wewe unakumbuka nini siku ile aliyoondoka? Mtoto ananiambia kwamba unakumbuka uliteleza jikoni, ukazinduka kitandani, na mumeo ameketi pembeni anakupepea. Hukuteleza. Na ulipokuwa umelala sakafuni huna habari, mtoto alisimama kati yako na yeye. Ndipo mkono ulipovunjika. Baba yake akamwambia akifungua mdomo, mlipaji utakuwa wewe. Hakwenda chuo chochote. Alifika mlangoni kwangu mkono umefungwa na mtandio wako wa bluu.

Alinisihi nisikwambie. Alisema, "Mama akijua, uso wake utasema, na baba anausoma uso wa mama kama gazeti." Nikaona ana akili kuliko mimi. Na barua zako, Chiriku, zote zinafika na gundi mbili. Mimi ni mshonaji. Pindo lililofumuliwa likashonwa upya nalijua kwa kidole, hata gizani. Mumeo anasoma unachoandika na anasoma ninachokujibu.

Nilidhani nimempata mtoto pa kujificha. Kuta nene, madirisha ya vioo vitatu, kelele za ndani hazitoki nje. Sikujua kwamba nyumba inahesabu pumzi. Ningejua, ningempeleka kwenye kibanda chochote kinachopigwa na upepo pande zote, huko angepumua bila kuandikwa. Uliposema nifungue dirisha nikadhani nimepata dawa. Kumbe dirisha likawasha hita, hita ikamwasha mumeo. Ameniandikia anakuja tarehe nane, na barua yake ina adabu mpaka nywele zimenisimama.

Fundi anayekuletea hii aliona miswaki miwili bafuni kwangu. Alibadilisha betri za vipima, akafunga mkoba wake, na mlangoni akasema, "Mama, mswaki mmoja uweke kabatini." Ndiyo maana namwamini.

Tufanye nini?

Dada yako


2 Julai
Nimeketi stoo ya betri, fundi amesimama mlangoni anajifanya anahesabu nyaya.

Dada,

Nimeisoma nikaila. Kweli nimeila, kuichana sikuiamini.

Nilimwonyesha siku kwa kidole hiki, dada. Aliuliza pumzi zilianza lini, na mimi nikamnyooshea mtoto wangu mwenyewe huku nacheka. Naandika na kidole hicho hicho, natamani kukikata.

Sitatoroka leo, usiniambie nitoroke. Nikiondoka sasa atajua kwa nini, na ana gari, atafika kwako kabla yangu. Nitakaa. Nitampikia, nitamwuliza kazi ilikuwaje. Sijawahi kuogopa hivi maishani: naogopa kumeza mate asije akasikia. Jana alinitazama muda mrefu akauliza kwa nini siimbi jikoni. Nikaimba. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Sikiliza. Feni haina madhara, feni inatafuta nyufa tu. Kinachonitisha ni kamera. Kamera ile haioni rangi wala sura, inaona joto. Mtu akitoka kitandani, godoro linabaki na umbo lake. Ukiielekeza pale unaliona limelala, jeupe, halina uso. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo kitanda cha chumba cha nyuma ulale wewe, mpaka usikie gari. Akiuliza, sema umehamia huko kwa sababu huku mbele jua la asubuhi linakuamsha. Mtoto ahame kitanda hicho mapema, na asubuhi aende kwa jirani mwenye paka. Kama yupo kweli huyo jirani. Dirisha lifungeni leo. Jibu kila swali kama mtu asiyeelewa kitu. Wasomi wanapenda kuwaelewesha watu, atasahau kuchunguza.

Fundi atakuja kwako kesho kwa kisingizio cha betri iliyokufa. Haijafa.

Mwambie mwanangu... Hapana, nikianza sitamaliza na machozi yataonekana. Mwambie ule mkono asiubebeshe ndoo.

Chiriku


8 Julai

Chiriku,

Mumeo anazungusha nyaya za feni yake hapo nje, fundi anamzubaisha. Naandikia juu ya cherehani.

Tumefikiria kitanda kimoja, tukasahau kwamba nyumba ina viwili.

Nililala chumba cha nyuma kama ulivyosema. Mtoto nikamwambia asubuhi aende kwa jirani. Akaenda, akakuta jirani katoka, akarudi. Baridi ilikuwa kali na plasta inamuuma kukiwa na baridi. Mimi niko nyuma nimelala kitandani kama mgonjwa, nangojea gari. Yeye akajilaza kwangu, chumba cha mbele, akapitiwa na usingizi. Tuliposikia gari akatokea mlango wa uani. Nikatandika vitanda vyote viwili, nikanyoosha mashuka mpaka mkunjo wa mwisho. Nikajisifu moyoni.

Hakuanza na feni. Alianza na kamera.

Alinisalimia vizuri, akavua viatu. Akaenda moja kwa moja nyuma. Akatazama kitanda, nami nikamwona mwanamke mpana amelala ndani ya kioo kile kidogo, nikamtania, "Shemeji, kumbe nimenenepa hivi?" Akacheka. Nikadhani yamekwisha. Kisha kwa kupita tu, kama mtu anayerudi mlangoni, akaielekeza chumba cha mbele.

Alikuwepo, Chiriku. Mwembamba, amejikunja ubavu, na mkono mmoja umewekwa mbali na mwili kama unavyouweka ukiwa na plasta. Umbo la mtoto wako kwenye kitanda changu, linafifia polepole mbele yake. Alingoja mpaka likaisha.

Akafunga feni yake, akaiwasha, nyumba nzima ikanyamaza kama inavuta pumzi, na hakuna ufa uliopiga mluzi hata mmoja. Akasoma kipimo, akanigeukia. Akasema, "Shemeji, nyumba yako nzuri sana. Haipotezi kitu."

Ondoka leo hii. Usirudi nyumbani kuchukua nguo, usichukue hata mswaki. Nampa fundi barua hii...

Mungu wangu, fundi anarudi na gari hilo hilo. Barua na mumeo vitafika pamoja.

Ngoja. Simu ya ofisi yenu iko mezani kwake. Siku zote nikipiga anapokea yeye. Lakini leo yeye yuko hapa kwangu, hayuko mezani.

Naipiga sasa. Pokea, mdogo wangu. Pokea.


21 Julai

Ndugu fundi,

Barua ya dada ya tarehe nane, ile uliyokaa nayo ndani ya soksi safari nzima ukiwa umeketi bega kwa bega na mume wangu, imefika. Nimeisoma baada ya mambo yote kupita, na bado nilinyanyuka kwenda kufunga mlango kana kwamba gari halijaondoka.

Pale ofisini labda walikusimulia. Simu ililia mezani kwake. Tangu aniweke kwenye kiti kile sijawahi kuigusa simu hiyo, na hakuna mwingine anayeigusa. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Mama wa usafi akaniangalia. Nikaenda. Dada alisema neno moja, "Amemwona," na mimi nikatoka na viatu vya ofisini na kalamu mkononi. Kalamu hiyo ndiyo ninayoandikia.

Mwanangu amerefuka. Plasta imetoka, mkono umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine, lakini vidole vyote vinacheza. Siku ya kwanza hapa kwa dada alikuwa anamenya viazi, nikachukua kisu kingine, tukamenya vingi kuliko tulivyoweza kula. Dada alituangalia akasema tumfungulie mgahawa kabisa. Nikacheka, na sauti ikatoka ya kwangu.

Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Anajua tuko hapa. Gari lake limesimama kwenye kona ya mtaa mara mbili, halijazimwa, taa hazijawashwa. Amemwandikia dada barua nyingine yenye adabu, anauliza kama nyumba ina joto la kutosha. Polisi wametuandika maelezo, wakasema tukiona kitu tupige simu. Ni watu wazuri, walikunywa na chai. Lakini mtu aliyebanwa pumzi hapigi simu.

Kwa hiyo nakuja kwako. Najua sasa kiti changu umekikalia wewe, na najua mlango wa ofisi yake unakitazama kiti hicho mgongoni. Kazi ninayokuomba si ndogo. Niliangalia ripoti ya mwezi kabla sijatoka: pumzi ya mwanangu baba yake ameifuta, pembeni ameandika kwa mkono wake "kosa la kipimo." Wenye mradi nimewaandikia. Wameniambia kumbukumbu za nyumba hii zitaingia kwao moja kwa moja, kabla hazijapita mezani kwake. Lakini wao wako mbali na wanasoma mwisho wa mwezi. Wewe unasoma kila asubuhi.

Utauliza kwa nini tusihame. Tuhamie wapi? Nyumba yoyote nyingine tutakayokaa, siku tukiacha kupumua hakuna atakayejua mpaka majirani wasikie harufu. Hii peke yake ndiyo itakayosema. Nilikaa miaka naisoma mistari hii nikidhani ninasoma umeme.

Dirisha tumelifunga. Hita imezima tena, na nje ni baridi ya kuuma meno. Watu wazima watatu, birika moja na cherehani isiyopumzika vinatosha kuipasha joto nyumba nzima, kama alivyoichora mwenyewe. Namba zake zitakuwa nzuri sana mwezi huu, Mungu amsamehe.

Mchana tunatoka na kuingia, mistari ya mchana isikusumbue. Tazama ya usiku. Chumba cha mbele, pumzi moja, hiyo ni dada. Chumba cha nyuma, mbili, mimi na mwanangu. Mmoja wetu akisafiri nitakuandikia kabla. Bila barua yangu hakuna aliyesafiri.

Ukiona tatu, kunywa chai yako kwa raha. Ukiona mbili, au moja, au mstari umelala chini kana kwamba nyumba haina mtu, usisubiri ripoti na usimwulize bosi. Njoo na watu.

Na ukiona nne, fundi, si paka.

Chiriku